Kikombe Kisichomwaga na Maji Yaliyomo

Mama mkwe wangu alikigeuza kile kikombe cha binti yangu juu chini, akakitikisa mara mbili, akasubiri. Halikudondoka hata tone. Akakirudisha mezani taratibu, akanitazama, akauliza: "Umemtilia maji gani?"

Nikamjibu habari za kikombe. Nikamweleza kwamba nimekinunua mjini, kwenye duka moja karibu na Soko Kuu, kwa shilingi 18,000. Kwamba ndani kina vali, kidude kinachozuia maji yasimwagike. Kwamba mtoto anaweza kukitupa, kukikalia, hata kulala nacho, na zulia likabaki kavu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka kwenda kutazama chungu jikoni. Yeye aliuliza maji, mimi nikajibu kikombe. Ilinichukua karibu miezi minne kulirudia swali lake, na nimeona niandike yote niliyojifunza katikati hapo, kwa sababu najua wazazi wengi wa Arusha, Arumeru, Hai na Siha wanapita njia hiyohiyo niliyopita mimi.

Sisi tunaishi Tengeru, nyumba ya kupanga. Kwetu ni Marangu. Mume wangu ni Mmeru wa Maji ya Chai, na mama yake bado anaishi kule, ukipanda daladala ya barabara ya Moshi unashuka karibu na kwake. Binti yetu amepewa jina la bibi huyo, ndiyo maana bibi hamwiti kwa jina, humwita "wajina".

Kikombe nilikinunua binti alipofikisha mwaka na mwezi mmoja. Alikuwa amefika ule umri wa kukataa kijiko. Ukimnywesha anakupiga mkono, anataka kushika mwenyewe, na akishashika, maji yote yanaishia kifuani na sakafuni. Hapa Tengeru bomba hutoa kwa zamu. Siku ambazo halitoi tunatumia ya kwenye ndoo, na ya kunywa tunanunua. Kwa hiyo kila kikombe kilichomwagika kilikuwa na bei, na pia kilikuwa kazi, maana dada anayenisaidia nyumbani alikuwa akipiga deki mara nne kwa siku. Halafu kuna safari. Anayepanda Hiace ya Tengeru asubuhi anajua watu wanavyobanana. Jumapili moja tukienda ibadani binti alimwaga uji wa lishe kwenye suruali ya mzee mmoja aliyekuwa amenyoosha pasi mpaka mstari unaonekana. Mzee alisema tu, "Ni mtoto, mama, usijali," lakini nilishuka nikiwa na uso wa moto. Wiki iliyofuata nikaenda mjini.

Nilipokifikisha nyumbani nilikifungua chote, nikakaa nacho mezani usiku mtoto amelala. Nilitaka kujua maji yanazuiwa na nini. Ndani ya mfuniko kuna kipande laini cha silikoni, ndiyo vali yenyewe, chenye mchano mdogo, kama alama ya wembe. Kikiachwa kama kilivyo, kingo za ule mchano zinabanana. Mtoto akinyonya, hewa ya upande wa mdomo inapungua, mchano unafunguka, maji yanapita; akiacha, unajifunga. Pembeni yake upo mchano wa pili unaoruhusu hewa kuingia kikombeni kujaza nafasi ya maji yaliyotoka, la sivyo mtoto angenyonya mara mbili tatu kisha ashindwe. Ni kitu kidogo kuliko kifungo cha koti, na kimefikiriwa vizuri kwelikweli.

Nikatafuta nani alikifikiria. Marekani, miaka ya 1980, mhandisi mmoja aitwaye Richard Belanger alichoshwa na mwanawe kumwaga juisi kila mahali, akamtengenezea kikombe. Lakini hadithi iliyonishika ni ya mama mmoja wa Uingereza, Mandy Haberman. Binti yake, aliyezaliwa mwaka 1980, alikuwa na ugonjwa uitwao Stickler uliomfanya ashindwe kunyonya. Mama huyo alihangaika naye mpaka akabuni chupa maalumu kwa watoto wasio na nguvu ya kunyonya, na chupa hiyo ikaja kutumika hospitalini. Miaka ya baadaye, nyumbani kwa watu, akamwona mtoto akimwaga kinywaji kwenye zulia. Akili ileile iliyokwisha kuzoea kufikiri juu ya kunyonya ikaenda kwenye kikombe. Akatengeneza kikombe chenye mchano, akakiita Anywayup. Makampuni mengi yalimkatalia. Inasimuliwa kwamba kuwashawishi wenye maduka makubwa ya Tesco alikijaza juisi, akakitia ndani ya boksi jeupe, akakituma kwa posta. Kama juisi ingevuja, boksi lingesema lenyewe. Halikuwa na doa. Kikombe kikauzika sana, wengine wakakiiga, akaenda mahakamani kutetea haki yake, na mwaka 1999 akashinda.

Namheshimu sana mama yule. Ila nilipomaliza kusoma, neno moja liligoma kutoka kichwani: zulia. Chupa yake ya kwanza ilizaliwa kwa sababu mtoto alikuwa na shida. Kikombe hiki kilizaliwa kwa sababu zulia lilikuwa na shida. Na mimi pia, nikijiuliza kwa haki, nilikinunua kwa ajili ya sakafu yangu na suruali ya yule mzee.

Kwa wiki kadhaa nilifurahi. Binti alitembea nacho nyumba nzima. Aliamka nacho, aliingia nacho kitandani, alitoka nacho uani kufukuza kuku. Dada akapata nafasi ya kukaa. Nikawa natia maji asubuhi, mchana maziwa au uji, jioni wakati mwingine juisi ya pasheni niliyokamua mwenyewe, na sikufikiria tena alikuwa amekunywa kiasi gani, saa ngapi, ya wapi. Kikombe chenyewe kilikuwa cha waridi kisichoonyesha kilichomo ndani.

Siku moja nikiwa nimembeba, nikasikia harufu ya maziwa yaliyochacha. Nikadhani ni nguo. Nikambadilisha, harufu ikabaki. Nikakichukua kikombe, nikakinusa mdomoni, nikatoa mfuniko, nikaivuta ile vali kwa kucha. Nyuma yake kulikuwa na ukungu mweusi, umetanda kama masizi, na katikati punje za uji zilizooza. Vali hiyo ilikuwa inaoshwa kila siku, yaani mfuniko ulikuwa unaoshwa. Dada alikuwa akisugua nje na ndani kwa sabuni, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kile kipande kinatoka. Asiyemwambia ni mimi. Maelezo kwenye boksi yalikuwa kwa Kiingereza na Kichina, nami niliyatupa pamoja na boksi.

Niliketi nikamwangalia binti akicheza, nikahesabu ni wiki ngapi amekuwa akinyonya kupitia pale. Hakuugua, namshukuru Mungu. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2016, huko Marekani, vikombe vya aina hii vipatavyo milioni 3.1 viliondolewa kwenye matumizi kwa sababu ukungu ulikuwa ukiota ndani ya vali isiyofunguka kuoshwa. Wazazi kule wenye maji ya moto bombani saa zote walikutwa na jambo hilohilo. Hapo nikaacha kujilaumu kwa uvivu na nikaanza kulitazama umbo la kitu chenyewe: sehemu inayozuia maji yasimwagike ndiyo hiyohiyo inayozuia jicho lisione na kitambaa kisifike.

Kama unacho nyumbani, weka makala hii chini sasa hivi uende ukaivue vali. Ipinde kwenye mwanga. Ikiwa na weusi hata kidogo, usihangaike kuisugua, itupe. Ikiwa safi, ichemshe ndani ya sufuria baada ya kuosha, kisha iache ikauke peke yake, isirudishwe kwenye mfuniko ikiwa na unyevu. Uji usiupitishe kwenye vali kabisa, kwa sababu punje za lishe hukaa ndani ya mchano na kuuacha wazi, ukavuja, na kinachobaki kinaoza. Maziwa yakitiwa, kikombe kioshwe saa ileile.

Mwezi huohuo tulikuwa na siku ya kliniki. Nesi alimpima binti uzito, akajaza kadi, kisha akakiona kikombe kwenye mkoba wangu. Akakishika, akabonyeza mdomo wake wa silikoni.

"Mama, hiki ni chupa," akasema. "Kimebadilishwa sura tu."

Nikamwambia hapana nesi, ni kikombe. Akacheka kidogo, akaniuliza mtoto anafanya nini akinywea. Nikasema ananyonya. Akasema, "Basi."

Tangu zamani manesi wetu wanafundisha kwamba mtoto anayehitaji kunywa kitu mbali na ziwa anyweshwe kwa kikombe cha wazi, si kwa chupa na chuchu, kwa sababu kikombe cha wazi kinaoshwa na kuonekana kilivyooshwa. Shirika la Afya Duniani linasema vivyo hivyo. Sikuwahi kufikiria kwamba onyo la chupa linagusa kitu kilichouzwa kwa jina la kikombe. Nesi akaniambia pia habari ya meno. Mtoto anayetembea na kinywaji kitamu siku nzima, akivuta funda moja kila dakika kumi, meno yake hayapati muda wa kupumzika. Sukari inakaa, bakteria wanatengeneza asidi, jino linaliwa. Si lazima iwe soda. Juisi ya nyumbani inatosha, hata maziwa, hasa akilala nayo mdomoni. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mtoto asipewe juisi kabla ya mwaka mmoja, na kati ya mwaka 1 na 3 isizidi mililita 120 kwa siku nzima. Nilikuwa nimepita hapo mbali.

Kuna jambo jingine nililolikuta nikitafuta, na lilinishangaza kwa sababu ya bei. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inawashauri wazazi kuanzia miezi 6 watumie kikombe cha wazi, au kikombe chenye mfuniko na mdomo lakini kisicho na vali, ambacho ukikigeuza maji yanatoka yenyewe. Mtoto akinywea hicho anajifunza kupiga funda badala ya kunyonya. Kikombe cha namna hiyo ndicho kile cha plastiki walichokuwa wakiuza machinga pale soko la Kilombero kwa shilingi 3,500, ambacho mimi nilikipita nikakidharau kwa sababu kilikuwa "kinavuja". Ukikinunua, hakikisha tu plastiki yake ni ya kuaminika. Ulaya walipiga marufuku BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani mwaka 2012 kwa chupa na vikombe vya watoto, na vikombe vizuri huwa na maandishi kwamba havina kemikali hiyo.

Na asitembee nacho mdomoni. Watafiti wa Marekani walikadiria kwamba kati ya mwaka 1991 na 2010 watoto zaidi ya 45,000 wa chini ya miaka 3 walifikishwa hospitali kwa dharura kwa kuumizwa na chupa, nyonyo za plastiki na vikombe hivi, wengi wao kwa kuanguka wakiwa navyo mdomoni. Mtoto anywe ameketi.

Sasa nirudi kwenye swali la mama mkwe.

Nilimpelekea binti kukaa naye siku tatu nikiwa na semina kazini. Nilipomwachia mkoba, akatoa kile kikombe cha waridi, akafungua mfuniko, akamwaga maji yote niliyokuja nayo kutoka nyumbani kwa jirani yake, ambako nilikuwa nimesimama kusalimia na kujaza bombani. Aliyamwaga kwenye mgomba. Mimi, ambaye kwetu maji ni fedha, nilishtuka.

"Mama, ni masafi hayo. Tazama, meupe."

"Meupe," akasema. "Hata mto ule, siku nyingine ni mweupe."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya bati kuna mfereji unaoshuka kwenye pipa, na pembeni ya pipa lilikuwepo dumu la lita 20 lililofungwa kitambaa chekundu shingoni. "Hili ni la wajina," akasema. "Ni maji ya mvua. Mwingine haruhusiwi kunywa humu."

Kisha akaketi kwenye kigoda akanisimulia, naye si mwanamke wa kusimulia. Alisema watoto wake watano wote walilelewa kwa maji ya pale. Meno ya utotoni yalitoka mazuri. Yalipong'oka na kuota ya ukubwani, yakaja na rangi ya kahawia, mengine yenye vishimo. "Sisi tulidhani hawapigi mswaki," akasema. "Nilimchapa mume wako. Nilimpa mkaa na chumvi asugue, akasugua mpaka fizi zikatoka damu. Nilimchapa kwa kitu kilichokuwa kwenye maji niliyompa mimi mwenyewe."

Mume wangu hacheki kwenye picha. Kwenye picha za harusi yetu, zote, amefunga mdomo. Nilipokuwa mchumba nilidhani ni ukali, nikaja kujua baadaye kwamba alipokuwa shule ya bweni, mbali na huku, wenzake walikuwa wakimwambia "meno ya Arusha", na tangu hapo akajifunza kuweka mkono mdomoni akizungumza. Nilikuwa nalijua hilo lote. Sikuwahi kuliunganisha na kikombe cha binti yangu.

Mlima Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yana madini ya floraidi kwa wingi. Mvua inaponyesha na kuzama, maji yanayatoa yale madini kwenye mwamba na kuja nayo kwenye chemchemi, visima na mito. Ndiyo maana maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha yana floraidi nyingi mno, na ndiyo maana mto uliokipa kijiji cha kina mume wangu jina, kwa rangi yake kama ya chai, una sifa hiyo pia. Lakini si rangi inayokuambia. Floraidi haina rangi, haina ladha, haina harufu. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana. Floraidi kidogo haidhuru, tena husaidia jino lisitoboke. Ndiyo maana imo kwenye dawa za meno. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa sehemu nyingi za kwetu huku hazikuwa na maji mengine, na sasa kiwango kimeshushwa hadi 1.5. Ikizidi sana kwa miaka mingi haiishii kwenye meno, hufika kwenye mifupa. Watoto wenye miguu iliyopinda wa baadhi ya vijiji vya huku chini ya mlima si wote ni wa kukosa jua au maziwa.

Ninachotaka kila mama asome mara mbili ni hiki. Jino la ukubwani haliharibiwi na floraidi baada ya kuota. Linaharibiwa likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, na meno ya mbele, yale ya kucheka, yanajengwa hasa katika miaka mitatu ya mwanzo. Mtoto anaponyonya, maziwa ya mama yanamkinga, kwa sababu floraidi inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nyingi. Kinga hiyo inaanza kupungua siku unapomkabidhi kikombe. Maji ya mahali anapoishi yanaanza kuingia, na kwa udogo wa mwili wake, kikombe kimoja kwake si sawa na kikombe kimoja kwangu. Ubaya hauonekani mpaka afike miaka 6 au 7, jino lilipokwisha kuota likiwa na rangi yake, na hakuna mswaki wa kuitoa.

Mimi katika miezi hiyohiyo ya kujenga meno nilimpa binti kikombe kisichoonyesha ndani, kinachokaa mkononi mwake siku nzima, nikikijaza popote nilipofika: nyumbani, kazini, kanisani, kwa jirani, Usa River, Maji ya Chai. Kwa kuwa hakikumwagika, sikuwa na sababu ya kukifungua. Kwa kuwa sikukifungua, sikuwa na sababu ya kujiuliza.

Kuchemsha hakusaidii. Hili nalirudia kwa sababu mimi mwenyewe niliamini kwamba maji yaliyochemshwa yamemaliza matatizo yote. Kuchemsha kunaua vijidudu na lazima tuendelee kuchemsha, lakini floraidi inabaki, na maji yanavyopungua kwa mvuke inazidi kuwa nzito. Kinachosaidia ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana kabisa, au chanzo kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa. Hili la mwisho ni kazi ya huku kwetu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo jirani na Maji ya Chai, kwa miaka mingi kimekuwa kikichoma mifupa ya ng'ombe kwa moto mkali usio na hewa nyingi mpaka iwe mkaa, kisha kuivunja na kuijaza kwenye ndoo zenye bomba chini. Maji yanapita juu, floraidi inashikwa na mkaa, yanatoka chini yakiwa yamepungua. Mkaa huo huchoka, ni lazima ubadilishwe; ndoo ya chujio ambayo haijabadilishwa mkaa wake kwa muda mrefu ni ndoo tu. Wako watu wanaoona kinyaa kunywa maji yaliyopita kwenye mfupa, na wengine wana sababu za imani kutaka kujua ni mfupa wa mnyama gani. Maswali hayo ni ya haki, yaulizwe kituoni, yajibiwe.

Magadi nayo. Tunayapenda kwenye maharage na makande kwa sababu yanalainisha haraka na kuokoa kuni, lakini magadi ya huku yana floraidi yake. Chakula cha binti sasa kinapikwa bila magadi, hata kama kinachelewa saa nzima. Chai pia tumeiondoa kwake. Majani ya chai hubeba floraidi, halafu chai inazuia mwili mdogo kupata madini ya chuma kwenye chakula. Najua kwetu mtoto wa mwaka mmoja hupewa chai ya maziwa kama wengine wote mezani. Nasema tu nilichoamua.

Tulipeleka maji kupimwa, chupa tatu: ya bomba letu, ya tunayonunua, na ya lile bomba la jirani wa Mama. Mbili zilikuwa salama. Ya tatu, ile meupe iliyomwagwa kwenye mgomba, ilizidi kikomo mara kadhaa. Mume wangu aliisoma ile karatasi akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka nje kidogo.

Kikombe cha waridi hatujakitupa. Nilinunua vali mpya mbili, na kinatumika kwenye daladala tu, kikiwa na maji tu, tena yaliyotoka nyumbani. Tukishuka kinafunguliwa. Nyumbani binti anatumia kikombe kidogo cha stili, cha wazi, ambacho nilikipata Tengeru siku ya soko kwa shilingi 2,000. Namtilia maji ya vidole viwili, si zaidi, akimaliza naongeza. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, alilowa mpaka soksi. Dada akashona aproni mbili kutokana na taulo kuukuu, na zulia tukalikunja tukaliweka juu ya kabati. Alipofika miezi kumi na minane alikuwa akikishika kwa mikono yote miwili, anakiinamisha, anameza, anakitoa mdomoni na kupumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka shamba.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Maji ya Chai. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, binti amesimama katikati ya magoti yake. Mama akainamisha lile dumu la kitambaa chekundu, akatia maji kidogo kwenye kikombe cha stili, akayatazama kwanza, kisha akampa. Binti akanywa nusu. Nusu nyingine ikamwagikia khanga ya bibi, mapajani, ikatengeneza alama kubwa. Niliinuka kutafuta kitambaa.

"Kaa," Mama akasema, huku akiinamisha dumu tena. "Wajina bado ana kiu."